Vita Viwili vya El Kore

Manga, Kisii
13 Machi 1966

Kaka yangu mpendwa Nyangate,

Pokea salamu zangu, za Mama na za Nyanya. Huku tu wazima, ila Nyanya anakohoa asubuhi na hataki dawa mpaka Mama akaribie kulia. Mvua ya mawe imepiga pareto yetu ya upande wa chini. Ya juu imepona. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Mama anasema huyo ni wako na hatauzwa, kwa sababu siku moja utataka kuoa.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama ulivyoagiza, kwa kuwa afande anayesoma barua zenu hajui Kikisii. Nyanya anaona ni jambo la ajabu. Nikimsomea barua zako inabidi nizigeuze kwa lugha yetu, na kila nikinyamaza kutafuta neno, ananiuliza ni kitu gani ninachoficha.

Sasa nikueleze kilichonifanya niandike kabla ya zamu yangu. Mwalimu Angwenyi, anayetufundisha historia, alituambia kwamba mahali pamoja pakipiganiwa mara mbili, wanaoandika vitabu huvipa vita vile namba, vya kwanza na vya pili. Nilitaka kuuliza kwa nini, lakini unanijua, mkono wangu haupandi mbele ya watu. Nikamfuata nje baada ya kengele. Akasema, "Ni ili wafu wasichanganywe, Kemuma."

Neno hilo limenikaa. Nilimfikiria Baba Mkubwa, ndugu yake Baba, ambaye wewe umepewa jina lake. Sote tunajua alienda na Keya, jeshi la Mwingereza, kupigana na Mtaliano akafia El Kore mwaka wa 1941, na hapo ndipo habari zake zinapoisha. Nimetafuta katika kabati la vitabu la shule. Kuna kitabu kimoja cha vita vile, na El Kore imepewa mstari mmoja. Mstari mmoja tu, hauna jina la mtu. Kwenye ramani ni kitone, na kando yake wameandika "kisima".

Mwalimu anataka kila mmoja wetu aandike historia ya kitu cha kwao. Mimi nataka kuandika ya Baba Mkubwa. Je, El Kore ni mbali na kambi yenu?

Ni mimi dada yako akupendaye,
Kemuma

*

Kambini, Kaskazini
2 Mei 1966

Kwa Profesa Kemuma,

Salamu kwako, kwa Mama, kwa Nyanya, na kwa yule bibi mdogo mwenye baka jeupe. Mwambie ndama nimekubali, lakini asubiri nipate cheo kwanza. Nyanya mwambie asipokunywa dawa nitakuja niimwage kooni mwake kama ninavyomwaga maji kwenye mapipa.

Mimi ni mzima. Kazi yangu ni ile ile, dereva wa lori la maji. Adui yangu mkubwa ni mchanga, wa pili ni nzi, wa tatu ni Thadeus, kijana wa Mosocho tunayelala hema moja, ambaye anaimba nyimbo za kanisa akiwa usingizini na anakosea maneno. Tunacheka sana. Huku hakuna kijani hata cha kuweka machoni. Juzi nilimwambia mzee mmoja Msomali kisimani kwamba kwetu mtu akidondosha mbegu njiani akirudi anakuta mti. Akaniangalia hivi, kisha akamwambia mwenzake, "Huyu jua limempiga."

Hapa hakuna anayemjua Abner, jina langu la ubatizo. Hilo nimeliacha kanisani kwa mzee Ishmael. Siku ya kuandikishwa karani aliniuliza jina nikasema Nyangate, akauliza la baba nikasema Alfayo Ombui, akachukua Ombui akaniambia nisogee. Kwa hiyo mimi ni Nyangate Ombui, sawasawa na Baba Mkubwa alivyokuwa. Afande mmoja wa zamani aliwahi kuniambia jina hili amewahi kulisikia. Sikumuuliza wapi.

Kuhusu kile ulichouliza, afande hapendi tutaje majina ya mahali. Niulize mambo ya ndama.

Kaka yako,
Nyangate

*

Manga, Kisii
29 Mei 1966

Kaka yangu mpendwa,

Barua yako ilifika salama na Mama ameiweka ndani ya Biblia. Kikohozi cha Nyanya kimepungua tangu nilipomsomea habari ya mapipa. Alicheka, halafu akanywa dawa, halafu akasema ni chungu kama maneno yako. Ndama amepona minyoo. Mzee Ishmael anauliza kama unaishika Sabato huko. Nilimjibu kwamba sijui, maana hukusema.

Kuna jambo limetokea nyumbani na nataka ulijue kutoka kwangu. Nilimwomba Nyanya anisimulie Baba Mkubwa kwa ajili ya ile historia. Alikuwa anapepeta wimbi. Aliendelea kupepeta kwa muda mrefu hata nikadhani hakunisikia. Kisha akasema aliyeleta habari ni Obwocha, yule mzee anayeuza tumbaku Nyakoe. Alirudi kutoka vitani na mguu mmoja umekauka, akaja hapa akasimama pale mlangoni, akasema, "Mama, Nyangate alibaki El Kore." Akanywa uji, akaenda.

"Na serikali ilisema nini?" nikamuuliza.

"Serikali haikusema. Obwocha si serikali. Ni mtoto wa Nyakoe."

Ndiyo sababu hakuzikwa hata kwa mgomba. Kumbe Babu alitaka kukata shina la mgomba wazike hilo badala ya mwili, kama ilivyo desturi kwa mtu aliyefia mbali, na Nyanya ndiye aliyekataa. Alisema, "Waliokuja kumchukua walikuja na kofia na karatasi, wakaita jina lake mbele ya watu wote. Waje vile vile waniambie hayupo. Siwezi kumzika kwa maneno ya mtu aliyekuwa na kiu."

Wewe ulipozaliwa alikubali upewe jina, kwa kuwa moyoni alijua. Lakini kaburi alilikataa. Ameishi hivyo mpaka leo, kaka. Nilikuwa sijui. Nilidhani ni mtu wa kunyamaza tu.

Akaniambia, "Ile serikali ilikuwa ya Mzungu. Hii ni yetu. Wewe unajua kuandika. Iulize."

Mama hakupenda. Alisema, "Mama, unamtuma mtoto achokoze nyuki." Nyanya akamjibu, "Persis, wewe mumeo yuko pale chini ya mparachichi, unapalilia juu yake kila wiki. Usinifundishe." Mama akatoka nje. Baadaye aliingia akanipa kalamu yake mwenyewe, ile ya kanisani.

Basi nimemwandikia D.C., mkuu wetu wa wilaya. Nimeuliza habari za Nyangate Ombui, askari, aliyeuawa El Kore. Nimeandika kwa adabu na Mwalimu Angwenyi amesahihisha. Sasa nakuomba na wewe. Kama lori lako litapita karibu, tazama kama kuna makaburi. Hata udongo kidogo ndani ya bahasha utatosha.

Dada yako,
Kemuma

*

Kambini
20 Agosti 1966

Dada Kemuma,

Salamu kwa wote. Barua yako ilichelewa kunifikia kwa sababu tulikuwa tumehama, kisha tukarudi. Mimi sijambo. Waambie sijambo.

Umeniuliza tena. Wanaopajua wanasema pana mawe yaliyopangwa, na mawe hayana majina. Mwambie Nyanya asitegemee. Au usimwambie, utajua mwenyewe, wewe ndiye uliye karibu naye.

Thadeus hayuko nasi tena. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo. Hema ni kubwa sana sasa. Siku hizi naimba mimi, na maneno nayakosea makusudi.

Nitafurahi kama utapaka saiga yangu udongo mpya kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Nilikijenga kile kibanda nilipotoka jandoni na sitaki nikirudi nikute kuku wamekirithi. Na ile sweta yangu ya bluu ya shule, usimpe mtu. Namjua Mama na huruma yake kwa watoto wa jirani. Usiku huku ni baridi, hutaamini, nikilala naiota ile sweta.

Wamesema huenda nikapata likizo ya Krismasi.

Endelea kusoma. Inua mkono, Kemuma. Hakuna anayepigwa risasi kwa kuuliza swali darasani.

Nyangate

*

Manga, Kisii
25 Septemba 1966

Kaka yangu mpendwa,

Sote tu wazima na mvua ni nzuri. Nimepaka saiga yako. Nilichanganya udongo na mavi ya ng'ombe mwenyewe, na ukuta wa nyuma, ule uliokuwa na ufa, sasa ukipitisha mkono huhisi kitu. Sweta iko. Panya walikuwa wameuma kiwiko cha kulia na sikuwa na uzi wa bluu, kwa hiyo nimeishona kwa mweusi. Utanisamehe.

Barua yako nimewasomea, ila habari za Thadeus niliziruka. Nilimeza mate hapo na Nyanya akauliza, "Amesema nini?" Nikasema, "Anasalimia tena." Usiku nilimwombea Thadeus bila kujua naomba nini.

D.C. hajajibu. Nyanya ameacha kuuliza kwa mdomo, lakini siku hizi anakaa upande ule wa ua unaoona njia.

Wiki iliyopita niliinua mkono. Mwalimu hakuniona, akafuta ubao. Lakini ulikuwa juu.

Tunahesabu kwamba Krismasi utakuwa hapa.

Kemuma

*

Manga, Kisii
11 Desemba 1966

Kaka yangu mpendwa,

Hujaandika tangu Agosti na Mama ameanza kumsema vibaya mtu wa posta. Nimemwambia labda mmehama tena kama mara ile. Sisi hatujambo, na safari hii nina habari njema sana, sijui nianzie wapi.

Serikali imejibu.

Ilikuwa Jumamosi, tumetoka kanisani, Mama anapakua. Akaja naibu wa chifu, huyu mpya anayeitwa Nehemiah. Ni mtu wa Mosocho, hatufahamu bado. Alisimama uani akavua kofia. Nyanya alipoiona ile kofia mkononi mwake alisimama pia, na unajua magoti yake yalivyo. Nehemiah akasema ametumwa na serikali kutuarifu kwamba Nyangate Ombui, askari, aliuawa vitani mahali panapoitwa El Kore.

Nyanya akasema kwa Kikisii, taratibu, "Ni serikali yenyewe inayosema?"

"Ndiyo, Mama. Ni serikali."

Alitaka kuendelea, lakini Mama alikuwa ameshapiga vigelegele. Alipiga hadi majirani wa ng'ambo ya kijito wakaitikia. Alikuwa anacheka na kulia, anamwambia, "Umetutoa gizani, mwanangu, tumengoja tangu wengine hamjazaliwa." Nehemiah alimtazama kama mtu asiyejua aweke wapi mikono. Machozi yalimtoka. Nilimpenda kwa hilo. Ila alinitia aibu kidogo kwa niaba yake, maana alimpa Mama mkono wa pole kwanza, akampita Nyanya amesimama pale, na aliyefiwa ni Nyanya. Watu wa mjini wamesahau mambo. Mama alimfungia mkungu wa ndizi. Hakutaka kuuchukua. Tukamlazimisha.

Basi tumemzika Baba Mkubwa. Ilikuwa Jumapili iliyopita. Mzee Ishmael aliguna kidogo juu ya kuombea mgomba, lakini alikuja na akaomba, tena vizuri. Obwocha alikuja kutoka Nyakoe na koti lake la Keya ambalo halifungiki tena tumboni. Mama alipika tangu alfajiri. Alichinja jogoo wote wawili, akawa anawahimiza watu wale, anawaambia, "Kuleni, hii si matanga, hii ni mtu amefika nyumbani." Sijamwona Mama hivyo tangu Baba afe. Aliimba hata sauti ikamkauka.

Nyanya peke yake ndiye hakuimba. Alikata shina la mgomba mwenyewe, urefu wa mtu, hakukubali kusaidiwa. Halafu alifanya mambo mawili ambayo nataka usiyachukie. Kwanza, hakutaka kaburi lichimbwe kwenye boma la zamani la Baba Mkubwa. Alisema lichimbwe kando ya saiga yako. Nadhani ni kwa sababu boma lile sasa lina majani ya chai. Pili, alilifunga lile shina na sweta yako ya bluu. Nilipinga, kaka. Nilimwambia Baba Mkubwa hakuwahi kuvaa sweta ya shule, na kwamba wewe uliniagiza nisimpe mtu. Akaniambia, "Nyamaza, Kemuma. Usiku huko ni baridi." Nikanyamaza, kwa kuwa watu walikuwa wanatuangalia. Nitakushonea nyingine.

Msalaba niliuandika mimi kwa rangi nyeupe: NYANGATE OMBUI, EL KORE, 1941. Mwalimu Angwenyi alikuja akausoma akasema maandishi yangu ni mazuri. Historia yangu sasa ina mwisho.

Tunakungoja Krismasi. Mama amevundika ndizi.

Dada yako mwenye furaha,
Kemuma

*

Kambini
27 Oktoba 1966
[Ilifika Manga tarehe 13 Januari 1967]

Dada yangu Kemuma,

Nakuandikia haraka juu ya bodi ya lori, usicheke mwandiko. Salamu kwa Mama, kwa Nyanya, kwa ndama.

Kesho tunaondoka. Tunapeleka maji na vyakula El Kore, na huenda tukakaa huko muda. Nimetaja jina, afande akitaka alifute. Wenyeji wanasema njia si nzuri.

Nilikuwa sitaki kukuambia kwamba nimekuwa nikipafikiria pale tangu ulipoandika mara ya kwanza. Nilipoitwa nikaambiwa tunaenda wapi, moyo ulifanya kitu. Si woga. Ni kama mtu ameniita jina na sijui ananiita mimi au yule mwingine. Yule mzee Msomali wa kisimani alikuwa kijana wakati wa Mtaliano. Ameniambia mawe yako upande wa mashariki wa kisima, chini ya miiba, na kwamba baba yake ndiye aliyesaidia kuyapanga, kwa sababu askari waliobaki hawakuwa na nguvu. Alisema, "Walikuwa watoto wa watu. Hatukuwaacha kwa fisi." Mwambie Nyanya hilo. Hilo unaweza kumsomea lote.

Nikifika nitakaa nao kidogo. Udongo nitauleta mwenyewe Krismasi, si kwa bahasha.

Kiwiko cheusi si kitu. Nitaivaa hivyo hivyo.

Nyangate

*

Manga, Kisii
22 Januari 1967

Kaka yangu,

Hii sitaipeleka posta. Lakini nimezoea kukueleza mambo ya nyumbani, na sijui mtu mwingine wa kumweleza haya.

Barua yako ya Oktoba niliipokea shuleni, siku ya Ijumaa. Niliisomea pale pale kwenye ngazi. Nilipofika kwenye jina la mahali nilirudi juu kutazama tarehe, kisha nikaiona tena akilini kofia ya Nehemiah mkononi mwake, na mkono wake ukimpita Nyanya. Nilikaa mpaka kengele ya mwisho na sikusikia nyingine zote.

Nilikwenda moja kwa moja jikoni kwa Nyanya. Sikujua nitasemaje. Nilisema tu, "Nyanya, Nyangate aliandika."

Alikuwa anasukuma kuni motoni. Akasema, "Kabla au baada?"

Nikajua kwamba anajua.

Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu uani, siku ile ile. "Yule kijana angekuwa ameniletea habari za mwanangu, angenishika mkono mimi. Alimshika mama yako. Na nani anamlilia mtu aliyekufa kabla yeye hajatembea?"

"Mbona hukusema?"

"Mama yako alikuwa anapiga vigelegele," akasema. "Nikafungua mdomo, nikaona uso wake. Nikasema acha akae na furaha ile. Atakuja mwingine amwondolee. Nilidhani sitakuwa mimi." Akapanga kuni tena ingawa zilikuwa zimepangwa. "Nimeomba neno moja kwa serikali maisha yangu yote. Likaja. Sasa nitalirudisha kwa nani?"

Nikamsomea yale ya mzee Msomali na mawe. Alitaka nirudie pale pa fisi. Nilirudia. Akasema, "Basi hawakulala wazi." Hakusema ni akina nani, wale wa zamani au ninyi, kaka, na sikumuuliza.

Tungenyamaza labda milele, mimi na yeye. Lakini Jumatatu Nehemiah alituma mtu kumwambia Mama aende Jumatano kwa chifu akachukue sanduku la askari. Mama alikuja shambani anacheka. Akasema, "Sanduku la 1941. Litakuwa limeliwa na mchwa limebaki kufuli." Akaanza kuuliza avae nguo gani. Nyanya alinitazama juu ya kichwa cha Mama. Alikuwa amechoka, Nyangate. Sijawahi kumwona amezeeka vile. Nikaelewa kwamba wa kumwambia ni mimi.

Asubuhi ya Jumanne Mama alikuwa amekaa mlangoni anamenya ndizi. Nilisimama mbele yake. Mkono wangu, sijui kwa nini, niliuinua kama darasani. Mama akacheka. "Sema basi, mwanafunzi."

Nikasema, "Mama, El Kore kulikuwa na vita viwili."

Aliendelea kumenya. "Hivyo ni vya shule?"

"Hapana. Vya kwanza ni vya Baba Mkubwa. Vya pili ni vya mwezi wa kumi. Nyangate alikuwa huko. Nehemiah alikuja kwa ajili ya vya pili."

Alimaliza ile ndizi. Aliiweka ndani ya maji pamoja na nyingine, akachukua nyingine, akaishika. Nyanya alitoka jikoni akaja akakaa chini karibu naye, kwenye udongo, bila mkeka. Mama akamtazama, akaona usoni kwake kwamba ni kweli na kwamba si ya leo.

Hakupiga kelele. Aliinuka akaenda kando ya saiga yako. Amekuwa akifagia kaburi lile kila Ijumaa kabla ya Sabato, na amepanda maua ya manjano pembeni, kwa ajili ya shemeji ambaye hakuwahi kumwona. Alisimama akaona kisu na ndizi bado viko mikononi. Akasema, "Nilipika." Nikadhani hajanielewa. Akasema tena, "Nilipika, Kemuma. Nilichinja jogoo. Niliwaambia watu kuleni." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, kama anauliza bei, "Niliimba?"

Nyanya akamwambia, "Uliimba vizuri. Hakuna aliyewahi kuimbiwa hivyo hapa Manga."

Hapo ndipo alipoanguka.

Sanduku tulikwenda kulichukua wote watatu. Ndani kuna nguo zako, wembe, kitabu cha nyimbo chenye jina la Thadeus, na barua zangu mbili: ya Septemba imechakaa kwa kukunjwa, ya Desemba haijafunguliwa. Kwa hiyo ulijua kwamba nilipaka saiga na kushona kiwiko.

Nehemiah alimwomba Mama msamaha, akasema mkungu ule wa ndizi hakuweza kuula, aliugawa njiani. Alisema mmezikwa huko huko, upande wa mashariki wa kisima, kwenye mawe ya zamani.

Leo asubuhi nilichukua rangi nyeupe nikaenda kurekebisha msalaba. Jina ni lile. Mahali ni pale. Nyanya, ambaye hajui kusoma, alikuja nyuma yangu akauliza kama nitaweka ile namba ya mwalimu wangu, ya kwanza na ya pili, ili msichanganywe.

Mama alikuwa ndani, tulidhani amelala. Akasema kupitia dirishani, "Usiwatenganishe. Yule wa kwanza alikaa kule peke yake muda mrefu."

Kwa hiyo nimeandika 1966 chini ya 1941. Jina sikuliandika mara ya pili.

Dada yako,
Kemuma